Nambari ya Kiwambo na Mlango wa Mtandao: Jinsi Programu za Eneokazi la Mbali Zinavyogawa Anwani za Vipindi

1.0 Utangulizi

Mtu anayeketi mbele ya kompyuta moja huku akiitumia nyingine iliyo mbali, akiyaona madirisha yake na kuyaendesha kwa kibodi na kipanya kana kwamba iko mezani pake, hutumia programu za aina ambayo katika makala haya itaitwa programu za eneokazi la mbali. Aghalabu kompyuta hiyo ya mbali haimhudumii mtu mmoja. Seva moja ya idara ya chuo kikuu yaweza kuwa na watu ishirini wanaofanya kazi kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na kipindi chake chenye madirisha yake, mafaili yake, na kazi aliyoiacha nusu jana jioni. Swali linalozuka ni hili: ujumbe unapoifikia seva hiyo kupitia mtandao, seva hujuaje kwamba ujumbe huo unahusu kipindi cha nani?

Jibu ambalo watumiaji wengi hupewa ni fupi mno: andika jina la seva, kisha nukta pacha, kisha nambari 1. Kwa nini iwe 1, kwa nini wiki ijayo ikawa 2, na kwa nini fundi anayeshughulikia kinga ya mtandao yeye huitaja 5901, ni mambo yasiyoelezwa. Makala haya yanakusudia kuyaeleza, mfano mkuu ukiwa ni mfumo wa VNC, na mfumo wa RDP ukitumika kwa kulinganisha. Hoja inayotetewa ni kwamba katika VNC nambari hiyo ni anwani ya mahali wala si jina la mtu, na kwamba makosa mengi, pamoja na hatari kubwa zaidi zinazowakabili watumiaji wa seva ya pamoja, hutokana na kuichukulia kana kwamba ni jina la mtu.

Inafaa kwanza kusema neno juu ya istilahi. Dhana ambayo hapa inaitwa mlango wa mtandao hutajwa katika Kiingereza kwa neno ambalo pia lina maana ya bandari, na baadhi ya wafasiri hushawishika kuifuata maana hiyo ya pili. Kilatini kilikuwa na maneno mawili: porta, yaani mlango au lango, na portus, yaani bandari. Sura ya dhana yenyewe inaelekea kwenye lile la kwanza. Kompyuta yenye anwani moja ni kama nyumba moja yenye milango mingi, kila mlango ukiwa na nambari yake na mngojezi wake. Hakuna mji wenye maelfu ya bandari. Kwa sababu hiyo neno mlango ndilo litakalotumika. Neno kiwambo litatumika kwa maana pana itakayofafanuliwa katika sehemu ya 3.0, nalo neno skrini litabaki kwa kile kioo kinachoonekana kwa macho.

2.0 Mlango kama nambari tu

Mlango wa mtandao hauna umbo. Ni nambari ya biti 16 inayoandikwa katika kichwa cha kila pakiti ya itifaki ya TCP, kwa hiyo thamani yake huwa kati ya 0 na 65535. Programu inayotaka kupokea wageni huuomba mfumo endeshi iruhusiwe kusikiliza kwenye nambari fulani. Ikiwa hakuna programu nyingine inayosikiliza hapo, ombi hukubaliwa. Ikiwa ipo, ombi hukataliwa. Huo ndio ugawaji wa milango katika ngazi yake ya chini kabisa: anayewahi ndiye anayepata.

Hata hivyo, mlango mmoja waweza kupokea wageni wengi. Muunganisho wa TCP hutambulishwa kwa mambo manne kwa pamoja, yaani anwani na mlango wa upande mmoja, na anwani na mlango wa upande wa pili. Wageni mia moja wakiingia kwa mlango uleule, kila mmoja hutofautiana na wenzake kwa anwani au mlango wa kule alikotoka. Jambo hili lapaswa kukumbukwa, kwa kuwa linaonyesha kwamba desturi ya kuvipa vipindi vya VNC mlango mmoja mmoja haikulazimishwa na itifaki ya TCP. Ulikuwa uamuzi wa wabunifu, na uamuzi huo una historia yake.

Taasisi ya IANA, ambayo husimamia usajili wa nambari za intaneti, imeigawa milango katika mafungu matatu: 0 hadi 1023 kwa huduma za msingi, 1024 hadi 49151 kwa huduma zilizosajiliwa, na iliyobaki kwa matumizi ya muda. Katika mifumo ya jamii ya Unix, kwa desturi ni msimamizi tu awezaye kuifungua milango iliyo chini ya 1024. Milango itakayozungumziwa hapa yote iko juu ya kiwango hicho. Maana yake ni kwamba mtumiaji wa kawaida, asiye na mamlaka yoyote katika seva, anaweza kujianzishia kipindi na kujifungulia mlango bila kumwomba mtu ruhusa. Ni uhuru wenye manufaa, nao una gharama yake.

3.0 Asili ya hesabu: mfumo wa X

Hesabu inayotumiwa na VNC haikuanzia katika VNC. Ilirithiwa kutoka mfumo wa madirisha wa X, ulioanzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani, na Robert Scheifler na Jim Gettys, ambao toleo lake la 11 lilitolewa mwaka 1987 na ndilo ambalo itifaki yake imeendelea kutumika hadi leo.

Katika X, maneno seva na mteja hutumika kwa namna inayomtatiza kila mwanafunzi anayekutana nayo kwa mara ya kwanza. Seva ni ile programu inayomiliki skrini, kibodi na kipanya, kwa hiyo iko pale alipo mtu. Mteja ni programu inayotaka kuchora dirisha, nayo yaweza kuwa kwenye kompyuta kubwa iliyo jengo jingine. Huduma inayotolewa ni huduma ya kuonyesha. Ndiyo sababu mwenye skrini akaitwa seva. Ukilitazama jambo kwa upande huo, majina hayo hayana kasoro.

Mteja hana budi kuambiwa aende kuchora wapi. Habari hiyo huwekwa katika kigeu kinachoitwa DISPLAY, kwa muundo wa jina la kompyuta, nukta pacha, nambari ya kiwambo, nukta, na nambari ya skrini, kwa mfano chumba3:0.0. Kiwambo katika mfumo huu ni jumla ya skrini moja au zaidi pamoja na kibodi moja na kipanya kimoja. Kwa lugha nyepesi, kiwambo ni kiti cha mtu mmoja: mahali ambapo mtu mmoja anaweza kukaa akatazama na kuandika. Kompyuta nyingi zilikuwa na kiti kimoja tu, na hesabu ikianzia sifuri, kiti hicho kikawa 0.

Ili kuigeuza nambari ya kiwambo kuwa mlango, wabunifu wa X walichagua njia rahisi kuliko zote, yaani kujumlisha. Mlango ni 6000 ukiongezwa nambari ya kiwambo. Kiwambo cha 0 husikiliza kwenye 6000, cha 1 kwenye 6001, na kadhalika. Usajili wa IANA unaitambua milango 6000 hadi 6063 kuwa ya X, yaani viwambo 64. Hakuna daftari la kutafutia wala mtu wa kuulizwa. Anayejua nambari ya kiwambo anaujua mlango. Katika mazingira ya awali utaratibu huu ulitosha, kwa sababu kiti ni kitu cha kudumu. Meza haihami usiku na kuamkia nambari nyingine.

4.0 Seva yenye nyuso mbili

VNC ilibuniwa katika maabara ya utafiti ya Olivetti na Oracle mjini Cambridge, Uingereza. Mwaka 1998 Tristan Richardson, Quentin Stafford-Fraser, Kenneth Wood na Andy Hopper waliueleza mfumo huo katika jarida la IEEE Internet Computing, na programu yenyewe ikatolewa bure pamoja na matini yake chanzi. Mwaka 1999 maabara ilichukuliwa na kampuni ya AT&T, na mwaka 2002 ikafungwa; baadhi ya watafiti wake walianzisha kampuni ya RealVNC mwaka huohuo. Itifaki ya VNC, iitwayo RFB, iliandikwa rasmi katika hati RFC 6143 ya mwaka 2011.

RFB ni itifaki yenye wazo moja kubwa: seva humtumia mtazamaji vipande vya picha vyenye umbo la mstatili, naye mtazamaji hurudisha miguso ya kibodi na mienendo ya kipanya. Haijui dirisha ni nini wala programu ni nini. Mtazamaji anaweza kukatika, akahamia kompyuta nyingine, akaunganika tena na kuukuta mshale wa kipanya ulipokuwa. Hapa seva imerudi kuwa mbali na mtu, kinyume cha X.

Tatizo lilikuwa jinsi ya kuipata picha ya kutuma. Katika Windows ya wakati ule kulikuwa na eneokazi moja tu, lile linaloonekana kwenye skrini, na VNC ililichungulia hilohilo. Katika Unix watafiti wa Cambridge waliandika programu iitwayo Xvnc, ambayo ni seva kamili ya X isiyo na skrini. Huchora katika kumbukumbu ya kompyuta badala ya kuchora kwenye kioo. Xvnc ina nyuso mbili. Kwa programu zilizo ndani ya kompyuta ni seva ya X, na kwa watazamaji walio nje ni seva ya VNC. Kwa kuwa uso wa kwanza ulihitaji nambari ya kiwambo kama seva yoyote ya X, nambari hiyohiyo ilitumiwa kwa uso wa pili, ila msingi wa hesabu ukawa 5900. Zaidi ya hapo, Xvnc iliweza kutoa ukurasa wenye programu ndogo ya Java iliyomwezesha mtu kutazama kwa kutumia kivinjari, na huo nao ukapewa msingi wa 5800.

Kwa hiyo kiwambo cha 3 kilikuwa jina la milango mitatu kwa pamoja: 6003 kwa programu, 5903 kwa mtazamaji, na 5803 kwa kivinjari. Kati ya hiyo, ule wa katikati ndio uliobaki na nguvu. Vivinjari viliacha kuendesha programu ndogo za Java katika miaka ya 2010. Mlango wa X nao umefungwa kwa kawaida: seva ya Xorg haisikilizi kwenye TCP bila kuamriwa tangu toleo lake la mwaka 2015, na programu zilizo ndani huifikia kwa soketi iliyomo katika saraka ya mafaili, /tmp/.X11-unix/X3. Mbinu ya kujumlisha imeendelea kuzaa hata hivyo. Programu ya QEMU, inayoendesha kompyuta za kuigiza, ikiambiwa ionyeshe kwenye kiwambo cha 1 hufungua 5901. Na ikitakiwa kuwahudumia watazamaji wa kwenye kivinjari kwa njia ya WebSocket, msingi wake wa kawaida huwa 5700.

4.1 Kutafuta nambari iliyo wazi

Mtumiaji wa Unix kwa kawaida hakuianzisha Xvnc moja kwa moja. Alitumia programu ndogo iitwayo vncserver, ambayo ndiyo iliyokuwa mgawaji halisi wa nambari. Ikiwa mtumiaji hakutaja nambari, programu hiyo ilianza na 1, ikapanda moja moja hadi 99, na kuchukua ya kwanza iliyoikuta wazi. Haikuanza na 0 kwa kuwa hiyo hudhaniwa kuwa ya skrini halisi.

Namna ilivyojua kwamba nambari iko wazi inastahili kuangaliwa kwa karibu. Ilijaribu kuushika mlango wa 6000 na nambari ile, kisha ule wa 5900 na nambari ile. Mmojawapo ukikataa, nambari ilirukwa. Halafu ilitazama kama lipo faili la kufuli, kwa mfano /tmp/.X1-lock, na kama ipo soketi ya kiwambo hicho. Mafaili hayo huachwa na seva ya X ili kuwajulisha wengine kwamba kiti kimekaliwa. Seva ikifa ghafla, pengine umeme ukikatika au msimamizi akiiua kwa nguvu, kufuli huweza kubaki wakati mwenyewe hayupo. Hapo vncserver huonya kwamba kiwambo kimechukuliwa kwa sababu ya faili fulani, na kumtaka mtumiaji alifute ikiwa ana hakika kwamba hakuna seva hapo. Wengi hawausomi ujumbe huo. Huona tu kwamba kipindi chao leo ni 2, kesho 3, wakidhani kompyuta imeamua kuwahamisha.

Utaratibu huu una udhaifu mwingine. Milango iliyojaribiwa huachiliwa kabla ya Xvnc kuishika, na kati ya kuangalia na kukalia kuna muda mfupi ambao mtu mwingine anaweza kujipenyeza. Wanafunzi thelathini wakianzisha vipindi kwa pamoja mwanzoni mwa somo, muda huo mfupi waweza kuwa na uzito. Aidha, kuna wapangaji wengine katika nyumba hiyohiyo. Programu ya SSH, inapopitisha madirisha ya X kutoka kompyuta ya mbali, kwa kawaida hujichukulia viwambo kuanzia cha 10, yaani mlango 6010. Anayetafuta nambari ya kipindi cha VNC akifika 10 hukuta mlango umeshikwa, naye hupewa 11. Nambari zinazoonekana kuruka bila sababu kwa kweli zina sababu, ila sababu yenyewe iko katika programu nyingine.

Kikomo cha 99 nacho kina mantiki ya kihesabu. Misingi 5800, 5900 na 6000 imeachana kwa mia moja moja. Kiwambo cha 100 kingetaka mlango wa VNC 6000, ambao ni wa kiwambo cha 0 cha X, na mlango wa kivinjari 5900, ambao ni wa kiwambo cha 0 cha VNC. Mafungu yangegongana.

5.0 Utata wa nukta pacha

Kwa kuwa nambari moja yaweza kusomwa kwa njia mbili, alama inayoitangulia imepata kazi kubwa kuliko umbo lake. Katika anwani za kawaida za intaneti, nambari inayofuata nukta pacha ni mlango. Katika X na VNC, nambari inayofuata nukta pacha ni kiwambo. Mtu akiandika seva:5901, je, anamaanisha mlango 5901, au kiwambo cha 5901, ambacho mlango wake ungekuwa 11801?

Suluhisho lililozoeleka lina sehemu mbili. Kwanza, nukta pacha mbili zinazofuatana, kama katika seva::5901, humaanisha mlango bila shaka yoyote. Pili, programu nyingi za kutazamia, zikiwamo TightVNC na TigerVNC, huitazama thamani yenyewe: nambari iliyo chini ya 100 baada ya nukta pacha moja huchukuliwa kuwa kiwambo na kuongezwa 5900, na iliyo 100 au zaidi huchukuliwa kuwa mlango. Mwanaisimu ataona kwamba hapa maana imeamuliwa na muktadha badala ya alama. Watu wengi hupata wanachokitaka wakiandika seva:1 au seva:5901, na kwa hiyo hawatambui kwamba wameandika vitu vya aina mbili tofauti. Utambuzi huja siku mlango unapokuwa mdogo. Msimamizi aliyeuelekeza mlango 80 upeleke wageni kwenye VNC, akawaambia watumiaji waandike seva:80, amewapeleka kwenye 5980 ambako hakuna mtu.

Lugha inayotumika katika maelekezo inapaswa kuibeba tofauti hiyo. Kusema "nambari ya VNC" hakutoshi. Kiwambo ni 1. Mlango ni 5901. Na fundi wa kinga ya mtandao anayeombwa afungue "nambari 1" atafungua kitu kisichohusika kabisa.

6.0 Nambari isiyouliza jina

Uthibitishaji wa msingi wa VNC, ule unaoelezwa katika RFC 6143, hauna jina la mtumiaji. Seva hutuma baiti 16 za kubahatisha, mtazamaji huzisimba kwa mbinu ya DES akitumia neno la siri kama ufunguo, na seva hulinganisha. Neno la siri hutumika hadi herufi 8 tu, zinazozidi hukatwa. Hakuna mahali ambapo itifaki inauliza wewe ni nani. Kinachomtambulisha mtu ni mambo mawili tu: mlango alioubisha na neno alilolitaja.

Sasa tuseme mhadhiri alikuwa na kiwambo cha 1, akakifunga Ijumaa. Jumatatu mwanafunzi anaanzisha kipindi chake na mgawaji anampa nambari ya kwanza iliyo wazi, yaani 1. Mhadhiri ana njia ya mkato aliyoihifadhi, seva:1. Akiibofya, anabisha kwa mwanafunzi. Ikiwa maneno yao ya siri ni tofauti, atakataliwa na kudhani amelisahau lake. Ikiwa maabara ina mazoea ya kuwapa watu wote neno moja la siri, ataingia. Kuna baiti moja katika salamu za RFB inayoeleza kama mgeni yu tayari kushirikiana na watazamaji wengine. Ikiwa ni sifuri, anataka kubaki peke yake, na seva, isipokuwa kama imepangwa vingine, humtoa aliyekuwamo. Mwanafunzi atajikuta nje ya kazi yake mwenyewe, na mhadhiri atakuwa mbele ya mafaili ya mtu mwingine akiwa na uwezo wote wa kuyafuta. Hakuna aliyevunja kanuni yoyote. Nambari ilihama, na mazoea hayakuhama nayo.

Hatari kutoka nje ni kubwa zaidi. Hesabu inayomsaidia mtumiaji kuujua mlango humsaidia na mgeni asiyealikwa. Kuijaribu milango 5900 hadi 5999 ya anwani moja ni kazi ya muda mfupi, na seva ya VNC ndiyo inayoanza kusema: mara tu mtu anapounganika hutamka toleo lake, kwa mfano RFB 003.008, kabla ya kuuliza chochote. Baada ya uthibitishaji wa msingi, picha na miguso ya kibodi hupita bila kusimbwa, ijapokuwa matoleo mengi ya baadaye yameongeza usimbaji wa aina mbalimbali.

Dawa iliyozoeleka ni kuifanya Xvnc isikilize kwenye anwani ya ndani tu, kisha mtumiaji achimbe handaki la SSH kutoka kompyuta yake. Handaki huleta nambari ya tatu. Mtu anaweza kuuelekeza mlango 5905 wa kompyuta yake mwenyewe uende kwenye 5901 wa seva, na hapo programu ya kutazamia ataiambia kiwambo cha 5 ingawa kipindi ni cha 1. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba anwani ya ndani haimfungii nje mtu aliyekwisha kuingia kwenye seva ileile kwa njia halali. Wenzake wote wa idara wako ndani. Dhidi yao kinga inayobaki ni neno la siri la herufi nane, isipokuwa pale ambapo Xvnc imewekwa isikilize kwenye soketi ya faili yenye ruhusa za mwenyewe peke yake badala ya mlango.

7.0 Mlango mmoja, majina mengi

Mfumo wa RDP wa Microsoft, uliotoka mwaka 1998 pamoja na toleo la Windows NT 4.0 la kuhudumia watumiaji wengi, ulifuata njia nyingine. Wageni wote huingia kwa mlango 3389. Kipindi hakijulikani kwa mlango. Hujulikana baada ya mtu kutaja jina lake na kuthibitishwa, na ndipo seva inapotafuta kama mtu huyo ana kipindi alichokiacha. Akiwa nacho hurudishwa humo. Akiwa hana hutengenezewa kipya. Nambari ya kipindi ipo, lakini ni siri ya ndani ya seva. Mtumiaji hana haja ya kuijua, na ikibadilika hapotei.

Njia hii nayo ina gharama. Mlango mmoja unaojulikana na wote ni shabaha moja inayojulikana na wote. Mwezi Mei 2019 Microsoft ilitoa marekebisho ya kasoro iliyopewa jina la BlueKeep, ambayo iliweza kutumiwa kabla mgeni hajajitambulisha. Kampuni ililazimika kuirekebisha hata Windows XP iliyokuwa imekwisha kuachwa.

Mchanganyiko wa njia hizi mbili unaonekana katika programu ya xrdp, inayoiwezesha Linux kupokea watazamaji wa RDP. Mbele ina mlango mmoja, 3389, na huuliza jina. Nyuma yake kuna msimamizi wa vipindi anayeanzisha Xvnc au Xorg kwa kila mtu, na katika mpangilio wake wa kawaida hugawa viwambo kuanzia cha 10. Hesabu ya X imebaki palepale. Kilichoongezwa ni bawabu mwenye daftari, anayejua nani amekaa kiti gani.

TigerVNC imelifikia jambo hilohilo kwa upande mwingine. Tangu toleo la 1.11 la mwaka 2020, njia inayopendekezwa ni msimamizi kuandika katika faili /etc/tigervnc/vncserver.users mstari mmoja kwa kila mtumiaji, kiwambo upande wa kushoto na jina upande wa kulia, kwa mfano :1=asha. Kipindi huanzishwa na mfumo endeshi chini ya jina hilo, na kiwambo cha 1 hakipewi mtu mwingine hata kikiwa kitupu. Kwa mpangilio huo kazi ya kutafuta nambari iliyo wazi imekwisha, na pamoja nayo umekwisha ule uhuru wa mtumiaji kujifungulia mlango: anayetaka kiwambo sharti aende kwa msimamizi akaandikwe.